Haki ya Mkulima wa Miwa

Desemba 2015, mawaziri wa biashara wa dunia walikutana Nairobi na kukubaliana kufuta ruzuku za kuuzia mazao ya kilimo nje. Ulikuwa uamuzi mwema. Hata hivyo, ruzuku ambazo nchi tajiri huwapa wakulima wao nyumbani hazikuguswa, na hadi leo wakulima wa viazisukari katika nchi kadhaa za Ulaya hulipwa na serikali.

Mkulima wa miwa wa Matungu, Kakamega, hana wa kumlipa ili alime. Hupanda, hupalilia, husubiri mwaka mmoja na nusu au zaidi. Na muwa ukishakatwa haungoji. Kila siku unapolala kando ya barabara ukisubiri trekta, maji yanakauka na uzito unashuka, ilhali malipo ni kwa tani. Huyo ndiye anayeambiwa akabiliane na soko la dunia.

Mkutano ule uliahidi pia kuendeleza mazungumzo ili nchi zinazoendelea ziweze kupandisha ushuru chakula cha nje kinapomiminika ghafla. Mazungumzo hayo hayajazaa matunda. Kenya na wenzake wadai haki hiyo Geneva, yanakofanyika mazungumzo hayo, bila kuchoka.

Lakini tusiwasingizie wageni kila kitu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika (COMESA) liliiruhusu Kenya kudhibiti sukari inayotoka nchi wanachama ili viwanda vyetu vijiimarishe, na ruhusa ikaongezwa tena na tena. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa 1973 na kikawa kikubwa kuliko vyote nchini, bado kilizama katika madeni hadi 2019 kikawekwa mikononi mwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokidai, wakulima wakidai jasho lao. Mwaka 2017, ukame ulipopunguza miwa, serikali yenyewe iliruhusu sukari iingie bila ushuru, ikaja nyingi kupita pengo lililokuwepo. Kinga isiyomfikia mwenye shamba humnufaisha mwenye kibali cha kuagiza sukari.

Kwa hiyo toleo hili linadai mambo mawili kwa pamoja: kanuni za haki huko nje, na hapa nyumbani vibali vya kuagiza sukari vitangazwe hadharani na mkulima alipwe kwa wakati. Msomaji wa Kakamega, mwulize mbunge wako ni akina nani waliopewa vibali hivyo mwaka huu, na kwa tani ngapi.