Taji la Robert, kizimba cha Isabella

WAZEE walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Msemo huo unaifaa sana filamu ya Outlaw King, iliyoelekezwa na David Mackenzie na kutolewa na Netflix mwaka wa 2018. Ni kisa cha Robert the Bruce, mfalme wa Uskoti aliyepigania kiti chake dhidi ya Edward wa Kwanza wa Uingereza, miaka 700 na ushei iliyopita.

Mpenzi msomaji, kama uliitazama Braveheart ya mwaka wa 1995, utamkumbuka Robert kama kijana wa kuyumbayumba, asiyejua amfuate babake au William Wallace. Safari hii yeye ndiye steringi. Chris Pine anamwigiza kama mtu mtaratibu, msema machache, aliyechoka kumpigia magoti mfalme wa wengine.

Filamu inaanza mwaka wa 1304 nje ya ngome ya Stirling. Wakabaila wa Uskoti wanaapa kumtii Edward, kisha mfalme huyo anaamuru mtambo mkubwa wa vita uirushie ngome kombora, ingawa waliomo ndani wameshakubali kushindwa. Ukatili huo haukubuniwa. Edward alikataa kweli kuwapokea waliosalimu amri mpaka kwanza aujaribu mtambo wake.

Februari 1306, Robert anamuua hasimu wake John Comyn ndani ya kanisa mjini Dumfries. Mwezi unaofuata anatawazwa huko Scone. Kufikia Juni jeshi lake limesambaratishwa Methven, na mfalme mpya anageuka mtoro katika nchi yake mwenyewe.

Hapo ndipo jamaa zake walipoanza kulipa gharama ya taji. Ndugu zake watatu, Neil, Thomas na Alexander, walinyongwa na Waingereza kati ya 1306 na 1307. Mkewe Elizabeth, anayeigizwa vizuri sana na Florence Pugh, alitekwa pamoja na Marjorie, binti ya Robert. Katika filamu tunamwona Elizabeth akitiwa kizimbani na kuning'inizwa nje ya ukuta wa ngome kama ndege.

Ni tukio la kutoa machozi. Lakini hakuwa Elizabeth.

Babake Elizabeth alikuwa mkabaila mkubwa wa Ireland na mshirika wa Edward, kwa hivyo mfalme alimhurumia kidogo. Alizuiliwa chini ya ulinzi huko Uingereza kwa muda wa miaka minane hivi. Vizimba walitengenezewa wanawake wengine wawili: Mary, dadake Robert, katika ngome ya Roxburgh, na Isabella, mke wa mkabaila wa Buchan, katika ngome ya Berwick.

Huyu Isabella ana kisa ambacho peke yake kingetosha filamu nzima. Alizaliwa katika ukoo wa MacDuff, uliokuwa na haki ya kuwakalisha wafalme wa Uskoti kwenye kiti. Mumewe alikuwa wa ukoo wa Comyn, na John aliyeuawa kanisani alikuwa binamu yake. Hata hivyo, Isabella alimwacha mumewe akaenda Scone kumtawaza muuaji huyo. Alichelewa, sherehe ikarudiwa kwa ajili yake. Kwa tendo hilo aliwekwa kizimbani miaka minne hivi.

Nyasi huumia kwa kuwa hazina miguu ya kuondokea. Isabella alikuwa nayo, na aliitumia kwenda alikotaka.

Huenda watengenezaji walitaka tumpende mwanamke mmoja tu, basi mateso yote wakamtwika yeye. Mimi nawasamehe mengi. Mwisho wa filamu, Edward amekwisha kufa na mwanawe anapigana na Robert matopeni kwenye vita vya Loudoun Hill, Mei 1307. Ukweli ni kwamba mzee alifariki Julai, baada ya vita hivyo, na mwanawe hakuwapo kabisa. Hiyo ni chumvi ya kawaida ya sinema.

La kizimba ni zito zaidi. Katika filamu, mwanamke anateswa kwa sababu ya mtu aliyemwoa. Katika historia, aliteswa kwa jambo aliloliamua mwenyewe. Ukimnyang'anya Isabella kizimba chake, umemnyang'anya ujasiri wake pia.

Robert alishinda Bannockburn mwaka wa 1314, na mateka wakubadilishana wakapatikana. Elizabeth, Marjorie na Mary wakarudi nyumbani. Jina la Isabella halimo miongoni mwa waliorudi. Robert naye alitambuliwa na Uingereza mwaka wa 1328, akafa mwaka uliofuata.

Je, filamu inafaa kutazamwa? Naam. Mandhari ya Uskoti yanavutia, na mapigano yana uzito wa matope na jasho. Lakini wazazi wawalaze watoto kwanza, maana damu ni nyingi na kuna mambo ya chumbani. Ninyi wanafunzi wa sekondari na vyuo, itazameni kisha mfungue kitabu cha historia. Mkifika kwenye kizimba, mkumbushe aliyeketi kando yako kwamba mwenye kizimba hicho aliitwa Isabella.