Kona za Paa

Wiki hii nimekuta kwenye ramani ya OpenStreetMap nyumba moja ya Mbezi Beach iliyoandikwa kuwa na paa la mgongo wa tembo, yaani la miteremko miwili tu. Nikaisogeza karibu picha ya setilaiti: paa la pande nne katikati, kibaraza kimetokeza mbele na pembetatu yake, gereji imeezekwa kivyake, na nyuma bati la mteremko mmoja, nadhani liliongezwa mpangaji alipopatikana. Ndivyo tunavyojenga siku hizi. Mwenye nyumba hujivunia kona kama mfugaji ng'ombe wake, na fundi hutabasamu, maana kila kona ya ndani hudai mfereji, na mfereji ni hela. Ramani hiyo inaruhusu jengo kugawanywa vipande, kila kipande kikapewa umbo la paa lake, kimo chake, hata uelekeo wa mteremko. Nani ana subira hiyo kwa mtaa mzima? Asiyepanda kwenye kenchi hajui kona: kutoka barabarani ukuta uliopandishwa huficha bati, kutoka angani unabaki kubembeleza vivuli. Kwangu mimi, umbo la paa lililoachwa wazi ni la uungwana kuliko la kukisia. Pengo humwita mwenye kuijua nyumba aje ajaze. Jibu la haraka hukaa miaka bila kuulizwa, na anayetaka kujua paneli za sola zikae upande gani ataanzia hapo hapo.