Redio ya lori: fedha ianzie kwenye antena

Mfanyabiashara wa samaki wa Lipingo, mwambao wa Ziwa Nyasa, anaijua vizuri hasara ya kungoja. Mzigo uko tayari ufukweni, wanunuzi wa Mbinga wameahidi bei, lakini lori halijulikani lilipo. Dagaa wakavu wanaweza kusubiri hadi kesho. Samaki wabichi hawasubiri. Barafu ikiyeyuka, bei hupangwa na mnunuzi wa kwanza kutokea.

Kwa sababu hiyo redio ya upepo, ambayo miaka ya 1990 ilitegemewa na misheni, hospitali na hifadhi za wanyama, bado ina kazi kwenye lori linalopita mahali ambapo simu ya mkononi hukosa mtandao. Tatizo ni kwamba tajiri wa gari hutoa fedha nyingi kununua redio, kisha hubana matumizi kwenye antena. Hapo ndipo mtaji unapopotea.

Jambo la kwanza ni kuchagua masafa. Antena ya VHF ni fupi, karibu nusu meta kwa masafa ya megahezi 150, na ni rahisi kuifunga. Lakini mawimbi yake huzuiwa na milima. Ziwa liko karibu meta 470 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupita meta 1,500. Lori lililo ufukweni lisitarajie kuzungumza na Mbinga moja kwa moja kwa VHF, isipokuwa kuna kituo cha kupokea na kurusha tena mawimbi juu ya mlima. Redio ya HF huruka milima kwa kurudishwa na tabaka za juu za anga, ila antena yake ni ndefu, hugharimu zaidi, na hudai fundi anayeijua.

Pili ni mahali pa kuifunga. Antena ya VHF hufaa zaidi katikati ya paa la chuma la kichwa cha gari, kwa sababu bati hilo ni sehemu ya antena yenyewe. Ikifungwa kwenye mbao za bodi au kwenye turubai, nguvu hupotea. Rangi ikwanguliwe pale inapokaa ili chuma kiguse chuma, kisha pazibwe maji yasiingie. Fundi asiyekuwa na kipimo cha kuonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena asilipwe, kwani nguvu hiyo ikizidi huweza kuunguza redio.

Tatu ni umeme. Malori mengi hutumia volti 24 kutoka betri mbili, wakati redio nyingi ni za volti 12. Kuchukua umeme kwenye betri moja tu ni njia ya mkato inayoiua betri hiyo mapema. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupunguza volti, pamoja na fyuzi karibu na betri.

Ikumbukwe pia kuwa masafa hayamilikiwi kwa kununua redio dukani. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2010, na gharama yake iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Je, uwekezaji huu unalipa? Kwa mwenye lori moja linalokaa kwenye lami ya Mbinga na Mbamba Bay, jibu ni hapana, simu inatosha. Kwa wenye malori matatu au manne wanaopakia vijiji vya mwambao, jibu ni ndiyo, mradi waungane: kituo kimoja Mbinga, leseni moja ya kikundi, fundi mmoja. Safari moja ya kurudi tupu ikiepukwa kila juma, mafuta yaliyookolewa huanza kulipa deni.

Anayeshindwa kugharimia antena, umeme na leseni kwa pamoja aiache redio dukani. Fedha hiyo itamfaa zaidi ikinunua barafu.