Binti wa Jumatatu

Mwezi uliopita tulizungumzia wapenzi wanaofichana mishahara, na najua wapo walioukunja ukurasa ule na kuuficha chini ya godoro! Mwezi huu naomba tuzungumzie kitu ambacho ukikitazama haraka utasema hakikuhusu: foleni ya asubuhi kwenye zahanati ya shule. Nivumilie kidogo, utaona kinakuhusu vipi.

Kwa wasionijua, mimi ni nesi wa shule ya sekondari ya bweni. Saa moja asubuhi nikifungua mlango nawakuta wameshajipanga kwenye benchi. Huyu kichwa, yule tumbo, mwingine kizunguzungu, mwingine “sista, mwili tu hauna nguvu.” Wengi wanachotafuta ni ED, ile karatasi ya kumruhusu mwanafunzi apumzike bwenini. Siku ya jaribio la hesabu foleni inafika hadi kwenye mwembe. Siku ya wali nyama, jamani, wagonjwa wote wanapona kabla kengele ya chakula haijalia!

Unaweza kucheka, lakini kwangu si kichekesho. Kipimo cha haraka cha malaria lazima usubiri kama dakika kumi na tano hadi ishirini ndipo usome majibu. Ukihangaika na watu ishirini wanaokwepa mchakamchaka, yule mmoja mwenye homa kweli anatetemeka kwenye benchi bila wewe kujua. Hofu hiyo ndiyo inayotuchosha manesi wa shule kuliko kazi yenyewe.

Na uchovu huo naubeba hadi nyumbani. Kulikuwa na kipindi mume wangu akisema kichwa kinamuuma, namjibu, “Kunywa maji, ulale,” bila hata kumtazama usoni. Siku moja akaniuliza taratibu, “Mama Junior, na mimi nikapange foleni?” Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa, katika foleni ile kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Tulimwita binti wa Jumatatu, kwa sababu siku hiyo hakukosa. Tumbo. Kila Jumatatu tumbo. Nilimpima malaria, hana. Mkojo safi, choo safi. Nilimpeleka kwa daktari hospitalini, akambonyeza kila mahali, hakuona kitu. Kuanzia hapo nikamweka kwenye kundi la wategaji. Akiingia tu, “Shikamoo sista,” nami namwekea vidonge viwili vya parasetamo mkononi, “Marahaba, haya darasani.” Hata nusu dakika haiishi.

Jumatatu moja hakuja. Iliyofuata hakuja tena. Nikajisemea afadhali, amechoka mwenyewe. Wiki hiyohiyo matroni akafanya ukaguzi wa makabati bwenini, akaniletea kikopo kidogo cha mafuta ya kujipaka. Ndani kulikuwa na vidonge 16 vya parasetamo. Piga hesabu: ni vidonge vya Jumatatu nane. Hakumeza hata kimoja.

Miguu iliniishia nguvu. Parasetamo watu tunaichukulia kama peremende, lakini mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ukipitiliza sana inaharibu ini, na mgonjwa anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza huku mambo yakiharibika ndani kimyakimya. Na dawa yote ile ilitoka mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumtoa mlangoni.

Nilimwita, nikafunga mlango, nikamuuliza waziwazi kama alitaka kujidhuru. Msomaji, swali hilo usiliogope, kumuuliza mtoto si kumfundisha. Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. “Hapana, sista. Tumbo lilikuwa linauma kweli, ila nilijua vidonge haviwezi kulisaidia. Nikaona nikivitupa ni dhambi, ni mali ya shule.” Nikamuuliza, “Sasa ulikuwa unafuata nini hapa?” Akajibu, “Nilitaka kukaa tu.”

Kukaa tu! Nami sikuwahi kumwambia “kaa.”

Kidogokidogo akafunguka. Jumapili ndiyo siku wazazi wanapiga simu kwa matroni kuongea na watoto. Mama yake akipiga, baada ya salamu inafuata kesi ya baba: hajalala nyumbani, hajaacha hela ya matumizi, ana mtu huko. Baba naye akipiga anauliza, “Mama yako amekwambia nini kuhusu mimi?” Mtoto wa miaka kumi na minne anakuwa hakimu wa ndoa usiku wa Jumapili. Jumatatu asubuhi tumbo linasokota. Na kwa nini aliacha kuja? “Niliona unanichoka, sista.”

Usiseme alikuwa anaigiza. Maumivu ya aina hii ni ya kweli, hata vipimo vikiwa safi. Tumbo lina mishipa mingi ya fahamu inayowasiliana na ubongo, ndiyo maana ukiwa na hofu unaharisha kabla ya usaili wa kazi. Hapa kwetu tuna mfano unaojulikana duniani. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali ikasambaa hadi wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip walichunguza, hawakukuta kijidudu wala sumu. Wanaojadili kisa hicho wengi wanasema ni mzigo wa mawazo uliotafuta mlango wa kutokea mwilini.

Basi nikabadilika. Kwanza, siku hizi dawa inamezwa mbele yangu. Pili, kwenye daftari naandika siku na saa, si ugonjwa peke yake, maana siku ndiyo iliyonionyesha kitu ambacho vipimo havikuona. Tatu, nauliza swali moja: “Kabla halijaanza kuuma, kulikuwa na nini?” Wategaji wanajikanyaga hapohapo, wenyewe wanarudi darasani wakicheka. Wenye mzigo wananyamaza. Hao nawaambia, “Kaa.” Wakati huohuo dalili za hatari sizifanyii mchezo: homa, kutapika, damu kwenye choo, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha mtoto usingizini au yanayohamia chini upande wa kulia. Hapo ni hospitali, hata kama jana alitega.

Mama yake nilimpigia. Alinijia juu, eti nimeingilia ndoa yake. Nikamwambia, “Dada, ndoa yako siijui. Ninalolijua ni tumbo la mwanao.” Akakata simu. Siku tatu baadaye akapiga mwenyewe, analia. Sitakudanganya kwamba wale wawili walirudiana, la hasha. Walitengana. Ila walikubaliana jambo moja: Jumapili mtoto anaulizwa masomo, marafiki na amekula nini, basi. Binti bado anakuja, mara moja moja. Anakaa dakika tano, kisha anaaga.

Kwa hiyo wewe msomaji uliye kwenye ndoa, au unayejiandaa, kumbuka: mtoto hawezi kuwa shoga yako wala wakili wako. Ukiwa na la moyoni mtafute dada, mshenga, kiongozi wako wa dini au mshauri wa ndoa. Ukimtwisha mtoto, atalibeba tumboni, na foleni yangu itarefuka.

Na nyumbani kwangu? Juzi Baba Junior alisema kichwa kinamuuma. Nilitaka kumpa jibu langu la zamani. Nikavuta kiti, nikakaa. Kumbe kazini kwao wanapunguza watu, na yeye alikuwa nalo hilo moyoni wiki mbili. Hatujui itakuwaje, lakini sasa tunalijua wote wawili.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.