Kabla ya kuondoa ovari, mwanamke apimwe na aulizwe

Mwanamke wa miaka 38 anayevusha dagaa au vitenge kupitia Mutukula akigundulika ana saratani ya matiti, huanza kuwaza safari: dozi inayofuata ataipatia wapi? Kwa ambao hawajakoma hedhi, jibu moja lipo tangu 1896, daktari George Beatson wa Glasgow alipotangaza kuwa kuondoa ovari kulinywesha uvimbe. Ovari ndizo hutoa sehemu kubwa ya estrojeni, na saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni hiyo.

Siku hizi ipo sindano ya goserelin inayozilaza ovari bila kisu, na huchomwa kila siku 28. Kwa mwenye bima na makazi ya kudumu, sawa. Kwa anayelala Busia leo na Eldoret kesho, akiruka mwezi ovari zaweza kuamka. Upasuaji hufanywa mara moja tu. Utafiti wa Vietnam na China uliohusisha wanawake 709, uliochapishwa 2002, ulionyesha kuwa kuondoa ovari na kumeza tamoxifen baada ya upasuaji wa titi kulipunguza kurudi kwa saratani. Na tamoxifen si dawa ya matajiri.

Lakini ovari iliyotolewa hairudishwi. Hedhi hukoma ghafla, uzazi huisha, joto hupanda usiku, mifupa hudhoofika mapema. Ndiyo maana ni kosa kumpasua mwanamke ambaye uvimbe wake haujapimwa vipokezi vya homoni. Kama havipo, tiba hii haimsaidii. Atakuwa amepoteza uzazi bure. Kosa jingine ni kumwita mume atie saini huku mwenye mwili ameachwa kwenye benchi nje, hajaulizwa kama bado anataka mtoto.

Hapa jumuiya ina kazi. Mwenye nyanya za eneo hili zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupata cheti cha asili kilichorahisishwa, akavuka. Majibu ya maabara nayo yanastahili njia nyepesi kama hiyo, ili kipimo kilichofanywa Dar es Salaam kikubalike Kampala bila mgonjwa kukatwa kinyama upya na kulipa tena. Mawaziri wa afya wanaokutana Arusha waliweke jambo hili mezani. Kwa sasa, mgonjwa adai nakala ya majibu yake, yenye neno kuhusu vipokezi, aiweke pamoja na pasi ya kusafiria.