Mzigo una cheti, mgonjwa je?

Mzigo wa maharage wenye thamani isiyozidi dola 2,000 huvuka Busia kwa cheti chepesi kinachotolewa palepale mpakani. Mwenye mzigo akizidiwa na kisukari upande wa pili, hana cheti cha kumfikisha kwa daktari. Kadi yake ya bima imebaki nyumbani kwa maana zote mbili.

Tangu Oktoba 1, 2024, Kenya imeachana na NHIF, mfuko wa mwaka 1966, na kuingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mageuzi hayo yana jema lake: sheria imeweka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi, wa kuendelea kulipia matibabu pale kiwango cha bima kinapokwisha.

Tatizo liko mlangoni. Mchuuzi anayekadiriwa kupata Sh20,000 kwa mwezi hudaiwa asilimia 2.75, yaani Sh550. Zamani alilipa Sh500. Hiyo Sh50 ya ziada haimvunji mtu. Kinachomvunja ni kutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, Sh6,600, fedha ileile inayozunguka kwenye nyanya na dagaa.

Serikali ina hoja. Wengi walikuwa wakilipa wanapougua na kuacha wakipona, na mfuko hauwezi kuishi hivyo. Lakini mwenye figo zilizoshindwa kazi hana siku ya kupona akaacha. Mzima anaweza kusubiri. Yeye hula mtaji wake, au huchukua mkopo wa Lipa SHA Pole Pole na kuongeza deni juu ya ugonjwa. Mwenye ulemavu anayevusha mizigo kwa baiskeli ya magurudumu matatu yuko kwenye foleni hiyohiyo, kwa sababu anaonekana anajiweza. Simu inayopokea malipo ya sokoni kila siku ingeweza kukata mchango kidogo kidogo, bila riba.

Akishavuka, hata aliyelipa yote hana kitu. Uganda bado haina bima ya afya ya taifa. Tanzania ilipitisha sheria yake ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, nayo imeandikwa kwa ajili ya watu wa ndani. Kila nchi inajenga nyumba yake, na mfanyabiashara anaishi barazani.

Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inataja hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi na waliojiajiri walio katika nchi mwenyeji. Ahadi hiyo inasubiri utaratibu mwepesi kama ule wa maharage: kadi moja itambuliwe pande zote za mpaka, na mifuko idaiane yenyewe baadaye. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vilipigania cheti cha mizigo. Sasa vipiganie cha wenye mizigo.