TAHARIRI: DAGAA ANAKULA NINI?



Safari hii tunasema habari za dagaa. Kila nyumba hapa inakula dagaa, mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe. Lakini dagaa naye anakula nini? Wengi tukiulizwa tunacheka.

Chota maji ya ziwani kwenye glasi, yainue juani. Ule ukijani ni mimea midogo mno isiyo na mizizi, inaelea tu. Humo mnatembea wadudu wadogo, wengine hata jicho haliwaoni. Wataalamu huita vyote hivyo planktoni. Sisi wafugaji tutaelewa upesi: mimea ile ndiyo nyasi, wadudu wale ndio ng'ombe, na dagaa ndiye mla nyama. Sangara anamla dagaa, na sisi tunawala wote wawili. Baharini nako ni hivyo hivyo. Kule Mafia papa potwe, samaki mkubwa kupita wote duniani, anaishi kwa kuchuja vitu hivi vidogo, na matumbawe hunyoosha vidole usiku kuvikamata.

Sasa tuje kwenye mialo yetu ya kuoshea dhahabu. Zebaki ikimwagika kijitoni haipotei, bwana. Inatuama topeni, na bakteria wa humo wanaigeuza kuwa sumu kali zaidi. Planktoni inainyonya. Mdudu mmoja anakula mimea mingi, dagaa mmoja anakula wadudu maelfu, na sumu haitoki upesi mwilini, inalimbikizwa. Kwa hiyo sangara mkubwa anakuwa nayo nyingi kuliko wote. Japani, mji wa Minamata, mwaka 1956 ndipo ugonjwa wa namna hii ulipotambuliwa: watu walikula samaki wa ghuba yao wakatetemeka viungo, na watoto wakazaliwa vilema. Mkataba wa dunia juu ya zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hatusemi dagaa ni sumu, msije mkatutungia maneno! Vipimo vya miaka ya 2000 vilionyesha samaki wengi wa ziwani wako chini ya kiwango cha hatari. Ila baadhi ya samaki wa karibu na machimbo ya Rwamagasa walikutwa wamezidi. Rwamagasa si mbali na hapa.

Wala hatumwambii mtu aache kuchimba. Dhahabu imesomesha watoto, na bei ya pamba mnaijua wenyewe. Tunachodai ni hiki: shimo la kuoshea liwe mbali na kijito, marudio yasimwagwe bondeni, na zebaki isichomwe kwenye jiko la kupikia ugali. Ichomwe ndani ya chombo kilichofungwa, nayo irudi itumike tena. Hata mfukoni kuna faida.

Kijito chetu kinaishia ziwani, na mvua za vuli zi karibu. Wenye mialo ya bondeni wafike ofisi ya ushirika Jumamosi saa tatu asubuhi, tukapime pa kuhamishia mashimo.